Figo ya gei inakubalika ama inakataliwa? Wacha tuelewane polepole

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha familia hapa Kisumu, kwa shangazi Nyalenda, ajenda moja tu, nani atampa mjomba figo. Mjomba sasa ameingia mwaka wa pili anaenda kwa mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, masaa manne kila mara, na akitoka hapo hana nguvu hata ya kufungua soda. Kwa wale sio wa huku, hapo anapoenda sisi tunapaita Russia, ni hospitali ya Jaramogi, ilijengwa na Warusi enzi hizo na jina likakwama mpaka leo. SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa shilingi 10,650 kwa kila kikao cha dialisisi, yaani hiyo ya kusafisha damu, kwa hivyo hatuchangi kila wiki kama wengine walivyokuwa wanachanga zamani, lakini mwili hauna SHA, mwili unachoka tu.

Sasa binamu wetu mmoja, mtu wa ndoa, mzee wa kanisa, huyo ndiye tulikuwa tumemwekea matumaini yote, akaenda kupimwa akapatikana na hepataitisi B ambayo hata yeye hakuwa anajua anayo. Wa pili damu yake ilikataana na ya mjomba. Tukiwa hapo tunaangaliana simu ikalia kutoka Nakuru, ni yule binamu mwingine, yule ambaye kila mtu kwa familia anajua mambo yake lakini hakuna anayeyataja mbele ya wazee. Akasema mimi ni grupu O, niko tayari, niambieni naenda kupimwa wapi. Kimya. Halafu shangazi akasema, "Lakini huyu si hawezi kukubaliwa, kwani hawa watu si hata damu wanakatazwa kutoa?" Na mwingine huko nyuma akauliza kama mzee hataambukizwa hiyo tabia, watu wakacheka, ila niliona wawili watatu hawakucheka, walikuwa wanangoja jibu.

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikaanza kutafuta, na nikagundua hata wale wanaoongea kwa sauti kubwa juu ya hili jambo wengi wanachanganya vitu vitatu tofauti, damu, viungo na tishu, so wacha niandike vile nimeelewa.

Hilo la tabia tulimalize haraka. Figo kazi yake ni kuchuja damu na kutengeneza mkojo na kusaidia presha, basi. Haijui ulioa nani. Kama figo ingekuwa inabeba tabia, watu wangekuwa wanatafuta za watu wasiopenda pesa.

Swali la maana ni lile la shangazi, na hakulitoa hewani. Kweli kulikuwa na makatazo, na kwa damu yalikuwa makali. Ukimwi ulipoanza kuonekana Marekani mwaka wa 1981, wagonjwa wa kwanza waliojulikana walikuwa wanaume waliokuwa wanalala na wanaume wenzao, na hakukuwa na kipimo chochote cha kupima damu mpaka 1985. Hebu fikiria wewe ndiye daktari hapo katikati, damu iko kwa mfuko, kuna kitu kinaua watu ndani yake na huna njia ya kukiona, utafanya nini? Ulichoweza kufanya ni kuangalia mtu aliyeitoa. Wakasema mwanaume yeyote aliyelala na mwanaume mwingine tangu 1977, hata kama ni mara moja, asitoe damu maisha yake yote. Mimi binafsi siwezi kuwalaumu kwa wakati ule. Lawama yangu inaanza baadaye, vipimo vilipokuja na vikawa vizuri kila mwaka lakini fomu ikabaki vile vile, kwa sababu katazo hilo la maisha lilikuja kuondolewa 2015. Miaka 30 baada ya kipimo cha kwanza! Wakaweka miezi 12 bila kulala na mwanaume, 2020 wakashuka hadi miezi 3, na 2023 wakaacha kabisa kuuliza wewe ni gei ama sio, wakaanza kumuuliza kila mtu maswali yale yale, umekuwa na mpenzi mpya ama wapenzi wengi hii miezi 3, na ni njia gani mlitumia. Uingereza walikuwa wamefika hapo 2021.

Hiyo ni damu. Viungo ni hadithi nyingine, na hapa ndipo watu wanapotea.

Kwa viungo Marekani haikuwahi kuwa na katazo la kufunga mlango kabisa. Mwongozo wao wa 1994 ulisema mwanaume aliyelala na mwanaume ndani ya miaka 5 iliyopita ahesabiwe kuwa wa hatari, asitumiwe isipokuwa mgonjwa mwenyewe yuko karibu kufa kiasi kwamba kungoja ni hatari zaidi. Yaani ni lebo unabandikwa na daktari anapima uzito. 2013 hiyo miaka 5 ikawa miezi 12. 2020 ikawa siku 30, na hata ile lebo ya mtoaji wa hatari wakaitoa, kwa sababu waligundua kitu cha kusikitisha, wagonjwa na madaktari walikuwa wakiona hiyo lebo wanakataa figo nzuri kabisa, halafu huyo mgonjwa anarudi kwa foleni yenye watu zaidi ya 100,000, wengine wanakufa wakingoja ingine isiyo na lebo.

Canada nao walisumbua dunia kidogo Desemba 2007, walipoanzisha kanuni za usalama wa viungo na kwa orodha ya wasiofaa wakaweka hao hao wanaume waliolala na wanaume ndani ya miaka 5, pamoja na wanaojidunga dawa. Kelele zikawa nyingi. Lakini ukiisoma vizuri ilikuwa na mlango wa nyuma, daktari wa mgonjwa angeweza kuamua kukitumia hicho kiungo akisaini na mgonjwa akikubali akijua. Kwa hivyo hata hapo haikuwa marufuku ya kufunga na kufuli.

Kitu cha tatu ni tishu, kama konea (ile sehemu angavu ya mbele ya jicho), ngozi, mifupa, na hizi ndizo zilibaki nyuma kabisa. Marekani wamekuwa na sheria ya miaka 5 kwa tishu, na ni Januari 2025 tu ndio walitoa rasimu ya kuibadilisha iwe maswali ya mtu mmoja mmoja kama ya damu. Ajabu ni kwamba konea haina mishipa ya damu, na hakuna mtu anayejulikana kupata HIV kupitia konea aliyowekewa. Yaani ile ambayo hatari yake ni ndogo kuliko zote ndiyo imekatazwa kwa muda mrefu kuliko zote. Ukitafuta mantiki hapo utalala njaa.

Sasa tuingie kwa hiyo hatari yenyewe, kwa sababu iko, sitaki kudanganya mtu. Januari 2007 huko Chicago, viungo vya mtoaji mmoja aliyefariki viliwekwa kwa wagonjwa wanne, na Novemba ikajulikana wote wanne wamepata HIV na hepataitisi C kwa mpigo. Mtoaji alikuwa amepimwa, majibu yakatoka hana kitu. Ilikuwaje?

Hapa inabidi uelewe kipindi cha dirisha, ule muda ambao mtu ameshaambukizwa lakini kipimo bado hakioni. Wacha nikuambie kwa lugha ya shamba. Mtu amepanda mahindi huko Kano leo. Kesho ukipita barabarani ukiangalia shamba, utasema hakuna kitu, ni udongo tu. Baada ya wiki moja hivi mahindi yanachomoza, sasa unaona. Kile kipimo cha kawaida cha HIV, kile cha kudungwa kidole, kinatafuta askari wa mwili wanaotengenezwa kupigana na kirusi, yaani kinaangalia kama mahindi yameota. Askari hao huchukua wiki tatu hivi au zaidi kujitokeza. Lakini kuna kipimo kingine kinachotafuta kirusi chenyewe, ni ndugu ya kile cha wingi wa virusi ambacho watu wa huku tunakijua sana, hiki ni kama kuchimba udongo kutafuta mbegu, na kinaweza kuiona ndani ya siku 5 mpaka 11 hivi tangu mtu aambukizwe. Yule mtoaji wa Chicago alikuwa amepimwa kwa njia ya kuangalia kama mahindi yameota.

Halafu kuna ya New York, 2009, na hii ndiyo mimi nilikaa nayo sana kwa sababu inafanana na yetu, ni mtoaji aliye hai anampa mtu anayemjua figo. Alikuwa mwanaume anayelala na wanaume, akapimwa HIV, hakuwa nayo. Kweli hakuwa nayo. Lakini upasuaji ulifanyika siku 79 baadaye na hapo katikati hakuna aliyempima tena, na hapo katikati ndipo aliambukizwa. Mgonjwa akapokea figo na HIV pamoja. Sasa mtu anaweza kusoma hiyo akasema umeona, ndio maana wakatazwe. Mimi nikiisoma naona siku 79. Yule mzee wetu wa kanisa angekuwa ndiye mtoaji, apimwe Januari, afanye mambo yake huko nje Februari, apasuliwe mwisho wa Machi bila kurudiwa kupimwa, mjomba angepata kile kile. Kwa sasa mwongozo wa Marekani unasema mtoaji aliye hai apimwe ndani ya siku 28 kabla ya siku yenyewe, na kwa kipimo cha kutafuta mbegu. Wakihesabu hivyo, mtu ambaye amepita siku 30 tangu afanye kitu cha hatari na kipimo hicho kinasema hana, uwezekano kwamba HIV imejificha hapo ni chini ya moja kwa milioni.

Najua mtu atasema lakini takwimu zinaonyesha magei wana HIV nyingi kuliko wanaume wengine. Ni kweli, na sababu moja ni ya kibayolojia tu, njia ya nyuma hurahisishia virusi kupita kuliko njia ile ingine, na hiyo haijali ni mwanaume ama mwanamke, ndio maana siku hizi swali linaulizwa kwa wote. Lakini ndugu zangu wa Kisumu, tukianza kuhukumu mtu kwa takwimu za kundi lake, sisi tutajificha wapi? Ule utafiti mkubwa wa serikali wa 2018, KENPHIA, ulipata nchi nzima asilimia 4.9 ya watu wazima wana HIV. Kisumu, 17.5. Homa Bay, 19.6. Garissa haifiki hata 1. Kwa hesabu hiyo ya kundi, daktari Mombasa akiona kitambulisho chako kimeandikwa Kisumu angesema asante sana rudi nyumbani, tunangojea mtu wa Garissa. Tena utafiti huo huo ulipata wanawake asilimia 6.6 na wanaume 3.1, zaidi ya mara mbili, kwa hivyo shangazi mwenyewe na dada zangu wote wangetolewa kwa orodha kabla ya binamu wa Nakuru. Niliposema hivi kwa kikao shangazi alinikata jicho, lakini hakubisha.

Hakuna mtu angekubali hiyo kwa sababu kila mtu anajijua. Anajua yeye sio asilimia 17.5, yeye ni mtu mmoja ambaye ama ana kirusi ama hana, na kama hana alifanya nini mwezi uliopita. Basi na huyu wa Nakuru ni hivyo hivyo. Gei ambaye amekaa na mtu mmoja miaka sita na wote wamepimwa, na mwanaume wa bibi mmoja nyumbani na wengine watatu Kondele, mimi nikiwa kwa kitanda cha hospitali najua nani namwogopa.

Kingine ambacho watu hawaweki kwa mizani ni kwamba kiungo sio damu. Damu ukikataa ya mtu mmoja kuna mifuko mingine, unaweza kujiringa kidogo. Figo inayolingana na mjomba ikipatikana, ikikataliwa, ingine haiko kwa rafu. Ndio maana dunia imeenda mbali zaidi hata ya tunapobishania. Cape Town, hospitali ya Groote Schuur, daktari Elmi Muller alianza 2008 kuchukua figo za watu waliokufa wakiwa na HIV na kuwawekea wagonjwa ambao tayari wana HIV, watu ambao wangekufa tu, na kufikia 2015 akaripoti wagonjwa 27 na wengi wao walikuwa wanaendelea vizuri. Marekani Obama akasaini sheria ya kuruhusu hayo Novemba 2013, na 2019 huko Johns Hopkins mtu aliye hai mwenye HIV akatoa figo yake kumpa mwingine mwenye HIV. Na Johannesburg 2017 mama mwenye HIV alimpa mtoto wake kipande cha ini, mtoto hakuwa na HIV, alikuwa anakufa, na madaktari wakaamua bora mtoto aishi hata kama atameza dawa. Kwa hivyo hapa watu wenye HIV kabisa wanatoa viungo, na sisi tunabishana juu ya mtu ambaye hata hana, eti kwa sababu ya nani anampenda.

Haya, Kenya sheria inasema nini? Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima juu ya viungo na damu na tishu. Inataka mtoaji akubali mwenyewe kwa maandishi. Inasema ukiuza ama kununua kiungo ni faini mpaka milioni 10 ama miaka 10 jela ama vyote viwili. Mtu anaweza pia kuacha viungo vyake akifa, kwa wosia, ama kwa karatasi yenye mashahidi wawili, ama hata kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, ingawa kwa ukweli huku kwetu karibu figo zote zinatoka kwa watu walio hai, na wengi ni ndugu. Hakuna mahali hiyo sheria inasema gei asitoe. Kwa hivyo shangazi, jibu fupi ni kwamba hakatazwi.

Na kama tunatafuta hatari ya kweli kwa figo za upande huu wa nchi, tuangalie Eldoret. Aprili 2025 waziri wa afya Aden Duale alisimamisha upandikizaji wa figo kwa hospitali moja ya binafsi huko baada ya madai kwamba vijana wanauza figo kwa wageni. Hiyo ndiyo inapaswa kutunyima usingizi, kijana hana kazi anaambiwa lala hapa, kesho unaamka na pesa ya boda. Mtu anayeuza ana kila sababu ya kudanganya kwa fomu, kwa sababu akisema ukweli analala njaa. Mtu anayempa mjomba wake bure hana sababu hiyo.

Lakini binamu yangu anayo sababu ingine, na hili ndilo lilinifungua macho zaidi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachotumika kuharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume, bado kiko, mpaka miaka 14 jela, na Mei 24, 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakakataa kukiondoa. Sasa weka hiyo kando ya kile kiti cha daktari. Usalama wa mjomba unategemea vipimo, ndiyo, lakini pia unategemea mtoaji kujibu maswali kwa ukweli, ulilala na nani, lini, mlitumia kinga, unameza zile tembe za PrEP za kuzuia HIV (hizo lazima daktari ajue, zinaweza kuchelewesha kipimo kuona kitu). Na jibu la ukweli kwa nchi hii ni kama kujiandikia kesi. Ukiongeza juu yake kwamba ukisema ukweli utafukuzwa kwa foleni, nani atasema? Atasema ana girlfriend huko Free Area, figo itachukuliwa, na daktari atakuwa amepiga hesabu na namba ya uongo. Katazo linalofanya watu wadanganye halimlindi mgonjwa, linamfichia tu.

Basi binamu akaja. Alipanda matatu ya usiku kutoka Nakuru, akafika stendi kumi na moja asubuhi, na shangazi, yule yule, ndiye aliyeenda kumchukua na kumpeleka kupimwa, sisemi wapi, na akakaa naye kwa benchi tangu asubuhi mpaka saa tisa. Presha yake sawa, sukari sawa, mkojo sawa, vipimo vya kwanza vya HIV na hepataitisi vimetoka safi na vitarudiwa karibu na siku yenyewe, nimewaambia wasisahau, nimewaambia mpaka wamechoka na mimi. Bado kulinganisha damu yake na ya mjomba, hayo majibu tunangojea.

Alinihadithia kwamba akiwa ndani na nesi wa ushauri aliulizwa lile swali, na kabla hajajibu akauliza kwanza haya majibu yangu yanaandikwa wapi na nani anasoma. Nesi akasimama, akafunga mlango, akageuza ile faili ili binamu aione mwenyewe, halafu akakaa chini na kumwambia, sasa niambie.